Tulivyoilaza Motoni Chupa ya Bibi Mwanahawa

Nasikia tanuri lenu jipya la vioo linajiendesha lenyewe. Unaliambia asubuhi lipande mpaka nyuzi fulani, likae hapo dakika kadhaa, lishuke taratibu, kisha unakwenda zako kunywa chai, nalo linatii kuliko mume. Nimefurahi kwa ajili yenu, wallahi. Siye tulikuwa tunakaa mbele ya tanuri kama watu wanaouguza. Tulikuwa na swichi tatu, kipimajoto kimoja kilichokuwa kikisema uongo, na kitundu cha kuchungulia chenye upana wa kidole gumba. Mpaka leo jicho langu la kulia likiona mwanga mwekundu linajikunja lenyewe.

Mmeniletea daftari na kalamu mbili, mkasema, "Bibi Tatu, tuandikie mambo ya kazi." Haya. Nitaandika yanavyonijia, nanyi msinidai mpangilio.

Karakana yetu ilikuwa hapa hapa Kibiti, nyuma kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo chupa tupu hazikuwahi kutuishia. Mwenye karakana alikuwa Fundi Shamte, mtu wa Mtunda, mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa. Kabla ya vioo alichoma matofali miaka mingi, na macho yake yalisoma moto kuliko kipimo chochote. Alikuwa anachungulia kitunduni na kusema, "Hiyo ni rangi ya mkaa unaotaka kulala, bado kabisa." Au, "Sasa ni papai bivu, kaa tayari." Tulikata chupa, tukapanga vipande, tukaviyeyusha vikashikana, tukatoa sahani, vigae vya ukutani na visahani vya kuwekea ubani.

Mwezi wangu wa kwanza Fundi alikwenda sala ya Ijumaa akaniachia tanuri. "Ikifika mia nane, hesabu dakika kumi, zima." Maneno saba tu. Lakini nilikuwa mke wa mtu, nimepika wali maisha yangu yote, nikajiambia kama dakika kumi ni nzuri, nusu saa itakuwa nzuri zaidi. Isitoshe, nilisahau kupaka ule udongo mweupe kwenye bamba la chini, unaozuia kioo kisigande. Kesho yake tulipofungua, sahani sita zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, kimeshikana na bamba, na juu kina utando kama wa uji uliopoa. Fundi alikitazama kwa muda mrefu.

"Tatu," akasema, "umepika nini hiki?"

Hakunifokea. Alikitundika ukutani mlangoni, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Hiyo kazi ya msaidizi wangu, hatuiuzi." Ilikaa pale miaka kumi na moja.

Nilichojifunza siku ile ndicho ninachotaka mkishike hata kama mashine yenu inajua kila kitu. Moto na muda vinafanya kazi moja. Ukiongeza moto, punguza muda. Ukipunguza moto, unaweza kuongeza muda, lakini si sana, kwa sababu kioo cha chupa kikikaa mno kati ya mia saba na mia nane kinaota ukungu ambao hautoki hata ukisugua na jivu. Pale katikati ni pa kupita, si pa kukaa. Kabla ya hapo panda polepole, maana kioo baridi kikishtuliwa kinapasuka. Karibu na mia sita na sitini pumzika kidogo, vipande vilale na hewa itoke chini yake. Na ukishamaliza huko juu, ukirudi kwenye mia tano na arobaini, usiwe na haraka. Fundi alikuwa anaita hapo "kuloweka". Kioo kinalowekwa kwenye joto lake kama maharage kwenye maji, mpaka cha ndani na cha nje vipoe pamoja. Ukiruka hatua hiyo utatoa sahani nzuri, utaisifu, utaiweka mezani, na siku ya tatu itakatika yenyewe hakuna aliyeigusa.

Kuhusu kile kipimajoto muongo, dawa yake ilikuwa hii. Tulikata ufito wa kioo cha chupa, tukaulaza juu ya vipande viwili vya tofali kama kidaraja, ndani ya tanuri, mbele ya kitundu. Kidaraja kikianza kubonyea katikati, tunajua joto la kweli limefika wapi, kipimo kiseme kinavyotaka. Hata leo wekeni kidaraja. Mashine nayo ina siku zake.

Sasa niwaeleze kazi iliyonikosesha raha kuliko zote, na iliyonipa raha kuliko zote.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa kiangazi. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, amejifunga kanga mpya, na nyuma yake mwanamume mwenye mvi amebeba mkoba wa ukili.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu mwanangu Hamisi. Tumetoka Kiongoroni. Nasikia hapa mnaunga vioo."

"Tunaviunga kwa moto, bibi."

"Basi niungieni chupa ya mama yangu."

Hamisi akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa vilikuwa vipande vya chupa ya kijani iliyokolea, kijani cha zamani, kioo kizito chenye viputo vidogo vidogo ndani. Kitako kilikuwa kizima, kinene kama kidole, na katikati yake ilikuwapo alama ya nyota iliyoinuka.

"Imevunjikaje?" Fundi akauliza.

"Paka alikuwa anamfukuza mjusi juu ya kabati," alisema bibi. "Mjusi kapona. Paka kapona."

Tukamkaribisha kiti, tukamletea chai, naye akatueleza. Jina lake Mwanahawa. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Ngorongo, huko juu bondeni. Vita vya Maji Maji vilipofika, mumewe alikwenda na wenzake wapiganaji na hakurudi. Kisha askari wa Mjerumani wakachoma maghala ya mpunga. Yule mwanamke alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Njiani, kwenye nyasi zilizokanyagwa, aliokota chupa tupu ya kijani. Akaijaza maji mtoni, akaufuata mto kuelekea chini, siku baada ya siku, mpaka akaingia delta, akajificha kwenye mikoko pamoja na wakimbizi wengine.

"Mmeshafika mikokoni nyie?" Bibi Mwanahawa akatuuliza. "Maji kila upande, na yote chumvi. Mtoto analia kiu katikati ya maji. Maji baridi yalikuwa yale ya kwenye chupa tu. Alikuwa anamtonea mtoto kwa ncha ya kidole, na yeye mwenyewe analamba kizibo. Mpaka watu wa Kiongoroni wakawaona wakawachukua. Yule mtoto ndiye mama yangu."

Fundi Shamte akakohoa. "Samahani, bibi. Ndiyo yale maji? Yale ya dawa, ya kugeuza risasi?"

Bibi akaweka kikombe chini. "Kila mtu ananiuliza hivyo hivyo! Mwalimu kaja kaniuliza, imamu kaniuliza, na wewe unaniuliza. Maji ya kunywa! Ya mtoni, yenye matope! Watu wa dawa wana habari zao. Miye nawaeleza habari za kiu."

Hamisi akainamisha uso, nikajua anacheka.

Kila mwaka, bibi akaendelea, ukoo wao unakutana Kiongoroni kuwasomea marehemu. Chupa inajazwa maji, na kila mtoto aliyezaliwa mwaka ule analambishwa tone. Kisomo kilikuwa kimebakiza wiki tatu, na mwaka ule walikuwa wamezaliwa watoto watano.

Fundi akamweleza ukweli. Chupa haiwezi kurudi kuwa chupa. Moto tulio nao sisi unalaza kioo, hauwezi kukisimamisha. Tunachoweza ni kushikanisha vipande vikawa bamba, kisha kulilaza bamba kwenye kalibu ya udongo libonyee, liwe bakuli.

Bibi akafikiri. "Bakuli litashika maji?"

"Litashika."

"Basi bakuli. Ila nyota isifutike. Nilipokuwa mdogo nikilia, mama alinishikisha nyota hii kwa kidole mpaka nikanyamaza. Vitu vingine vyote fanyeni mjuavyo."

Walipoondoka, Fundi alivuta kiti akakaa. "Umesikia alichotaka? Vipande vishikane visivuje, na nyota ibaki. Ni sawa na kutaka siagi iyeyuke na isiyeyuke."

Na kioo chenyewe hatukukijua. Kila chupa ina mapishi yake, na vioo vya mapishi tofauti vikiunganishwa vinavutana vikipoa. Tulijaribu, tukakiyeyusha kipande kidogo cha shingo ya chupa ile juu ya kioo cha chupa ya soda. Kilitoka kizuri. Siku ya pili tukiwa tunakula viazi tukasikia "ta!" mezani, kikawa vipande viwili. Kwa hiyo hatukuweza kuongeza hata chembe ya kioo kingine. Tulichokuwa nacho ni kile tu alichoacha paka.

Nikachukua vipande vingine vitatu vya shingo, vidogo kama ukucha, nikavijaribu siku tatu tofauti. Kwenye mia saba na arobaini kingo zililainika tu. Kwenye mia saba na themanini zilishikana vizuri. Kwenye mia nane na kumi kipande kililala bapa kabisa, hakuna alama yoyote ingebaki pale.

"Mia nane, dakika tatu, tumemaliza," Fundi akasema.

"Nyota itakwenda."

"Na wewe unasemaje?"

"Mia saba na sitini. Tushikilie dakika kumi na tano."

"Uote ukungu?"

"Kumi, basi."

"Bado nyingi."

"Nane."

"Tatu, unanunua samaki?" Lakini akakubali.

Tulipanga vipande siku nzima. Kitako katikati, nyota ikitazama juu, na vipande vya ubavuni kukizunguka, kila kimoja kikikalia cha jirani kidogo kama makuti ya paa. Kipande kilichopinda usikilaze kama kobe, kitafunika hewa na kuleta puto. Tulivilaza kama mitumbwi, tumbo chini. Kesho yake saa moja asubuhi nikawasha. Nyuzi mia kwa saa, polepole, kwa ajili ya kile kitako kinene. Adhuhuri ilipopita tukapumzika kwenye mia sita na sitini, vipande vikalala kimoja kimoja kama watu waliochoka. Kisha nikafungua swichi zote tatu.

Ilipofika mia saba na sitini nikaanza kuhesabu kwa saa ya mkono. Fundi alisimama kwenye swichi. Dakika ya saba niliona ncha za nyota zinaanza kung'aa na kuwa duara.

"Zima," nikasema dakika ya nane ilipofika.

"Ongeza mbili. Sijaridhika na mishono."

"Zima, Fundi, nyota inakwenda!"

Akazima. Tukaliloweka kwenye mia tano na arobaini muda wa saa tatu nzima, tukaliacha lipoe lenyewe.

Asubuhi lilitoka bamba zuri ajabu, kijani kama maji ya mtoni yaliyotulia, na nyota imesimama wazi na ncha zake zote tano. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kisha nikaliinua kwenye dirisha. Kando ya kitako palikuwa na nukta ya mwanga. Tundu, kubwa kama punje ya mchele. Nikadondosha maji, yakapita.

Fundi hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Tuna siku nane," akatoka kwenda kunawa.

Vijana wangu, nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Alipotoka nilifungua sanduku la zana nikatoa gundi, ile kali isiyo na rangi. Tone moja lingetosha. Kwenye kijani kilichokolea vile hakuna jicho lingeona. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko nikasikia mlangoni, "Hodi." Alikuwa Bibi Mwanahawa na Hamisi. Walikuwa wamekuja Kibiti kununua mchele wa kisomo, wakaona wapite.

Nikasimama na gundi mkononi kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Bibi," nikasema, "linavuja."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye tundu, kisha akatazama mkono wangu. "Na hiyo nini?"

"Gundi."

"Ulitaka kuziba tundu, au kuniziba miye macho?"

Niliomba ardhi inimeze. Machozi yalinitoka, nikamweleza yote, kwamba nilizima mapema kuiokoa nyota, kwamba Fundi alinionya, kwamba nikilirudisha motoni kwa nguvu ya kutosha kuziba tundu nyota inaweza kufutika kabisa. Fundi alikuwa ameshaingia, ananisikiliza.

Bibi akaipapasa nyota kwa kidole chake, akaizungusha, akaizungusha. Kisha akanirudishia bamba.

"Lirudishe motoni."

"Lakini nyota, bibi..."

"Bibi yangu hakubeba nyota, mwanangu. Alibeba maji."

Safari hii hapakuwa na mabishano. Nilichukua vipande viwili vya mwisho vilivyobaki, nikavilaza juu ya tundu. Bamba sasa lilikuwa kitu kimoja kizito, kwa hiyo nilipanda taratibu kuliko mara ya kwanza. Tulikubaliana mia saba na themanini, moto zaidi, muda mfupi. Fundi akashika swichi.

"Wewe ndiye unayeona," akasema. "Miye nasikiliza tu. Usizime kwa hofu, na usishikilie kwa hofu."

Nikaweka jicho kitunduni. Dakika ya pili vipande viwili vilikuwa bado vimekaa juu kama wageni. Ya tatu vikaanza kuzama. Nyota ikaanza kulainika, nikauma mdomo. Ya nne mshono ukafunga upande mmoja. Nilitaka sana kusema zima. Nikanyamaza. Ya tano mshono ukafunga wote, ukawa laini kama ngozi ya mtoto.

"Zima!"

Baada ya kupoa tulilirudisha tena mara ya mwisho, juu ya kalibu ya udongo, kwenye joto dogo tu la kulibonyeza. Kisha tukalijaza maji tukaliweka juu ya gazeti mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Fundi alilishika gazeti, akalikandamiza shavuni, akaenda zake, akarudi akalikandamiza tena. Kavu. Akaniambia, "Leo nitakununulia soda mbili," na hiyo kwa Fundi Shamte ilikuwa hotuba.

Tulilipeleka wenyewe Kiongoroni, ndani ya boksi lililojaa pumba za mpunga, na boksi nililipakata njia nzima ndani ya boti, sikumwachia mtu. Tulipofika Bibi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini. Hakulitazama kwanza. Alifumba macho, akapitisha kidole ndani ya bakuli, chini kabisa, akaitafuta nyota. Nyota ilikuwapo, lakini ncha zake zilikuwa zimejaa, fupi, zimevimba kama ua.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.

"Imenenepa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Hata miye nimenenepa tangu mama aliponishikisha." Na kwa vile alikuwa mwembamba kama ufito, nyumba nzima iliangua kicheko, na Hamisi akacheka mpaka akashika ukuta.

Walisoma, wakaomba dua, kisha maji yakamiminwa. Watoto watano wakaletwa mmoja mmoja. Bibi alichovya ncha ya kidole akawatonea midomoni. Wa kwanza alilala. Wa pili alikunja uso. Wa tatu alimng'ata bibi kidole kwa ufizi akagoma kukiachia, ikabidi mama yake amfinye shavu.

Nilidhani imekwisha, nikaanza kujifunga vizuri mtandio. Lakini bibi akaniita kwa mkono, akanikalisha mbele yake, akanipa bakuli lote kwa mikono miwili. Nikamwambia mimi si wa ukoo. Akaniambia ninyamaze ninywe.

Yalikuwa maji ya mtungini tu, ya baridi, mtungi uliofukizwa ubani. Nilikuwa na kiu kuliko nilivyojua. Niliyanywa yote mpaka nikaona nyota chini, ndipo nikakumbuka kwamba Fundi Shamte amekaa pembeni yangu, ameshanyoosha mikono, anasubiri zamu yake.